Madirisha Sita ya Boti Iliyopanda Mlima

Basi la asubuhi hutoka Tanga na kufika Lushoto kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulitumia siku tatu, kwa sababu lori letu lilibeba boti. Ilikuwa boti ya zamani ya matanga, ile ya starehe, yenye chumba cha kulala ndani na madirisha sita, matatu kila ubavu. Mlingoti tuliuacha Tanga. Mwenye boti alikuwa Msambaa aliyestaafu kazi ya bandarini, na alitaka kuiweka kwenye kiwanja chake njia ya Irente ili wageni walale ndani na kuamka wakiitazama Mazinde kule chini.

Kuanzia Mombo mimi, fundi wa boti, nilikaa juu yake na panga, nikikata matawi kila kona. Pale Soni mama mmoja muuza mapeasi aliweka beseni chini na kutupigia kelele, "Baba, bahari mmeiacha nyuma! Geuzeni!" Soko zima likacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka.

Nilikuwa nimepita miaka arobaini na sijakaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Pangani, Mtwara, Mwanza, Kigoma. Kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka. Safari hii mwenye boti alikuwa ameniahidi, "Ukiziba mianya ya madirisha yale, masika ipite bila tone kuingia, kile kijumba cha pembeni ni chako. Utakuwa mtunzaji wa boti mpaka uzeeke." Kijumba kilikuwa na jiko la kuni na dirisha linalotazama mteremko. Usiku wa kwanza nilipiga msumari ukutani nikatundika koti. Nilikuwa sijawahi kupiga msumari kwenye nyumba ya mtu.

Kazi niliifanya kama nilivyofundishwa. Nilivua madirisha yote sita, ambayo si vioo bali plastiki ngumu. Nikakwangua gundi ya zamani wiki nzima, maana gundi mpya haishiki juu ya ile iliyokufa. Ukungu wa Lushoto ulinichelewesha. Mpaka saa sita mchana ubavu wa boti ulikuwa bado unatoa jasho, nami nikisubiri jua na kitambaa mkononi. Ndipo nikapaka silikoni, ile gundi mpya, nikarudisha madirisha, nikafunga skrubu nusu tu. Hapo ndipo penye siri yote. Unaziacha zimelegea, silikoni ikauke ikiwa nene kama mpira, halafu ndiyo unakaza. Ukikaza ikiwa mbichi unaikamua yote nje, na hakibaki kitu. Kwa baridi ile nilihesabu siku nne.

Siku ya pili nikateremka sokoni Lushoto kununua unga. Niliporudi nilimkuta mjomba wa mwenye boti ameketi kwenye ngazi, bisibisi mapajani. Huyu ndiye aliyempa mpwa wake kile kiwanja, na alikuwa fundi seremala; nusu ya milango ya kijiji kile imetoka mikononi mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, umeacha skrubu zote zinacheza! Nimekusaidia. Nimekaza mpaka mwisho, na uchafu uliotoka nimeufuta."

Nilitazama. Alikuwa ameufuta vizuri sana, kama mtu anayefuta mdomo wa mtoto. Silikoni yangu yote ilikuwa kwenye tambara miguuni pake.

"Kule kwenu maji yanatoka chini," akasema akicheka. "Huku yanatoka juu. Lazima ukaze."

Nami nikasema, "Asante, mzee."

Jioni nilimweleza mwenye boti kwamba madirisha yavuliwe tena kabla ya mvua. Akashika kichwa. "Yule ni mjomba wangu. Nivue kazi ya mkono wake, wapita njia wakitazama? Kwenye ardhi yake?"

"Basi mwambie tu."

"Mwambie wewe."

Sikumwambia. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, akaniitikia, nikapita.

Mvua ilipokuja haikuchagua. Madirisha yote sita yalilia kwa ndani, magodoro yakalowa, wageni wa kwanza wakahamia hoteli. Mwenye boti na mjomba wake wakasimama mbele yangu wakazungumza Kisambaa. Nilishika maneno matatu: boti, silikoni, Tanga. Kisha mwenye boti akanigeukia kwa Kiswahili, bila kunitazama. "Fundi, nadhani boti inahitaji mtu anayeijua kazi." Alijua. Alijua kabisa, na alisema hivyo mbele ya mjomba wake ili mjomba abaki na heshima yake. Heshima yangu haikuwa na ndugu pale.

Niliondoka kesho yake. Nilichomoa msumari ukutani, nikautia mfukoni pamoja na kikwangulio changu. Kituoni nikamwona mjomba anakuja na mwavuli, peke yake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Zile skrubu," akasema, "zilitakiwa zibaki zimelegea?"

"Ndiyo, mzee. Siku nne."

Hakuwa akicheka. "Mimi mlango wangu ukikosewa, nasema. Mbona wewe hukusema? Ningezilegeza siku ileile."

Nilitaka kumpigia kelele pale barabarani. Nilitaka kumwambia kwamba mgeni kwenye ardhi ya mtu mdomo wake ni wa kuamkia tu, na kwamba mpwa wake, niliyemweleza yote, ana mdomo pia. Badala yake nilisema basi linaondoka, na kweli lilikuwa linaondoka.

Tulipopita Soni yule mama alikuwa palepale na beseni lake. Nikageuza uso upande wa pili mpaka kona ikamficha. Sijarudi tena. Msumari ninao, na hakuna ukuta ambao nimeupigilia tangu siku ile.