Kioo cha Kushoto

Kila nilipokwenda nyumbani Ifakara nilikuta kioo cha kushoto cha pikapu ya baba kimevunjika, na kila mara mwenye makosa alikuwa mtu mwingine. Mara mwendesha baiskeli aliyebeba kuni upana wa mlango. Mara bajaji. Mara nguzo ya geti letu wenyewe pale Mlabani, ambayo, kwa maelezo ya baba, ilijengwa vibaya tangu mwanzo. Nguzo ile aliijenga yeye.

Pikapu yenyewe nilikuwa siwezi kuitazama bila kusonya. Milango rangi yake, boneti rangi yake, na bodi ya nyuma inafungwa kwa kamba ya katani. Kioo cha kulia kilikuwa kimechongwa namba za gari lingine kabisa, maana mjini watu huchonga namba kwenye vioo ili wezi wasivitamani, na sisi tukakinunua hivyohivyo na namba zake. Nilipouliza, baba alisema mwenye gari hilo alishafariki. Alijuaje? Aliambiwa na aliyemuuzia.

Lakini kichekesho kilikuwa cha kushoto. Safari moja nilikuta kioo cha lori, kikubwa kama sinia, kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Safari nyingine kilikuwa kipande cha kioo cha kabati la nguo, kimekatwa kwa mkono na pembeni bado kina maua. Baba alikisifu kwamba kinaonyesha vizuri kuliko vya kiwandani. Nilicheka mpaka akaninunia.

Mwaka huu nilikuja kutoka Morogoro, ninakofanya kazi, nimebeba kava la kioo mkononi. Lilikuwa zima na la aina yenyewe, ila ndani halikuwa na kioo, kwa hiyo tukaenda kukatisha kioo dukani. Nilikuwa na haraka. Kesho yake baba alikuwa awabebe akina mama wa jumuiya yetu kwenda Mang'ula kwenye kipaimara. Amewabeba miaka na miaka, bure, nyuma ya pikapu, na watoto wao mgongoni. Tangu mama afariki, siku za kuwabeba ndizo pekee anazopiga pasi shati. Nikamwambia wazi kwamba habebi watoto wa watu bila kioo.

"Mimi naendesha kwenda mbele, mama," alinijibu.

Basi akili ndiyo hiyo.

Kutoka dukani tukaenda gereji anayotengenezea baba, iko nyuma ya uzio wa mabati, na nusu ya watu waliomo hawana kazi. Wanakaa kwenye viti vilivyong'olewa kwenye magari na kutoa ushauri. Huyu anasema gari hizi za zamani hazifi, yule anasema vioo vya siku hizi ni karatasi tu, na wote wanamwita baba dereva wa zamani, sifa ambayo anaimeza kama asali. Fundi naye alisema dakika mbili. Akafunga kava kwa boliti, akanipa kioo nikishike kikiwa kwenye gazeti, halafu akakumbuka kwamba gundi yake imekauka. Akaondoka kwenda kuomba kwa jirani. Fundi gani anaanza kazi kabla ya kutazama kama ana gundi?

Baba hakutaka kungoja. Alikuwa ameshakaa kwenye usukani, ameshusha dirisha la upande wangu, na shingo ameinyoosha.

"Sukuma nje kidogo," akaniambia.

Nilidhani anatania. Nikalisukuma lile kava tupu kwa kiwiko, kwa dharau tu, nikingoja acheke.

"Umezidisha. Rudisha. Rudisha, mama. Hapo hapo! Usiguse tena. Sasa naona mpaka barabarani."

Kioo nilikuwa nimekikumbatia mimi kifuani.

Nikachungulia ndani ya kava kana kwamba huenda mimi ndiye niliyekosea. Kulikuwa na plastiki nyeusi na tundu la boliti. Mmoja wa wale washauri aliinama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala.

Nilishikwa na hofu, hofu hasa. Nikazunguka mpaka kwenye dirisha lake.

"Baba, kioo bado hakijawekwa. Ninacho mimi."

Hakugeuka. Alipangusa usukani kwa kiganja, taratibu, kana kwamba una vumbi.

"Upande ule unaona nini?" nikamuuliza.

"Mwanga," akasema. "Mwanga naona."

Nikanyoosha mkono. Ufunguo aliutoa mwenyewe, lakini hakunipa. Aliuweka juu ya dashibodi, akashuka na kwenda kusimama kwenye uzio, akiwapa mgongo watu wote. Fundi aliporudi na gundi yake aliniuliza mzee amekasirikia nini.

Asubuhi yake nilikaa mimi kwenye usukani, baba akakaa kushoto na shati lake lililopigwa pasi. Nilishajiandaa kuwaambia akina mama kwamba kiuno kinamsumbua. Hawakuniuliza. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuendeshea mikutano, alinitazama, akamtazama baba, kisha akawageukia wenzake waliokuwa wanapanda.

"Leo kaeni popote," akawaambia. "Popote tu!"

Baba akatoa kichwa dirishani. "Popote vipi? Kwani siku zote mnakaaje?"

Mama yule akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Kulia, mzee. Huku kushoto huwa tunapanga masufuria."

Kumbe walijua. Watu wazima, wenye watoto mgongoni, walikuwa wanajibana upande mmoja safari zote hizo, wamekinga ubavu wa gari kwa masufuria ya pilau, na hakuna aliyefungua mdomo. Nimedharau mambo mengi maishani, lakini ujinga ule niliudharau kuliko yote, na sikuuficha.

"Mlijua, na bado mkawa mnapanda?" nikamuuliza kwa ukali. "Hakukuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia?"

Alikuja mpaka dirishani kwangu. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Nani amwambie, mwanangu? Wenye baba wanakaa Morogoro."

Baba alikuwa anatazama mbele. Nikawasha gari.