Pipa la Mwisho la Busaa

Watu wa Isiolo wanapenda kusema mama alikuwa mlevi. Waongo hao. Mama alipika busaa, pombe ya unga na kimea, maisha yake yote na hakumeza zaidi ya funda moja, lile la kuonja. Kwetu muuzaji huonja kwanza mbele ya wanywaji, ndipo waamini hajatia kitu.

Kilabu kilianzishwa na nyanya, akiwapikia askari wa mkoloni. Mama akakirithi pamoja na pipa, karai la kukaangia unga na maneno ya watu. Sisi ni Waturkana, majirani zetu wengi Waislamu. Walitusalimia kwa mbali, na watoto wao walikatazwa hata kunywa maji kwetu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini serikali ikafunga vilabu vya busaa. Mama akawa anapika kwa kujificha, mimi nachuja, na chifu anakunywa bure ili ajifanye hatuoni. Ndipo akajitokeza mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Kulamawe, Mborana aliyefiwa na mke. Alitaka kumuoa mama, mradi asilimu na aache pombe. Mama alikubali siku hiyo hiyo. Sijawahi kumwona na furaha vile, hata akawa anaimba akichota maji.

Lakini kimea cha wimbi kilikuwa kimeshachipua, na mama aliyekulia kwenye njaa hakuweza kutupa nafaka. Nilimwambia tuwape kuku. Akakataa. Atapika pipa moja tu, la kumaliza, halafu basi.

Chifu akasikia kwamba kinywaji chake cha bure kinaisha. Akaja mchana na askari wawili, wanywaji wamejaa uani. Wakati huo huo dada ya mchumba akaingia na salaam aleikum yake, amemletea mama buibui la harusi. Chifu alimwona vizuri sana. Akachota kopo, akampa mama.

"Onja kwanza. Si ndiyo desturi yenu?"

Mama akaonja. Chifu akamwambia amalize, la sivyo ni jela. Mama alimtazama yule dada, akanywa. Kopo likafuata kopo, na wale wanywaji, watu aliowalisha wakiwa hawana kitu, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna hata mmoja aliyesema imetosha. Nilipojaribu kumshika mama, askari akanisukuma ukutani. Mama akaanguka, akajitapikia, nguo imempanda mapajani. Dada ya mchumba akakunja buibui lake na kwenda zake.

Ndoa ikafia hapo. Mwanamume mwenyewe hakuja hata kuuliza kulikuwa na nini. Mwezi haukuisha, mama akaloweka unga tena. Busaa ilipoiva, wa kwanza kuingia alikuwa chifu, na mama akampangusia kiti. Alipoondoka nikamuuliza mama anawezaje kumkaribisha mnyama yule.

"Nani mwingine atakuja kwangu?" akasema, akaendelea kuchuja.