Sauti ya Baba na Mwenye Hakimiliki

Nakumbuka, mwanangu, na sitaki kusahau, asubuhi ile mhadhiri wangu alipokuja kwetu Silibwet na kinasa sauti. Nilikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa pili, na kompyuta chache za chuo zilifunikwa kwa kitambaa zisiingie vumbi. Alikuwa amesikia kwamba baba anajua miti ya kutibu ng'ombe kuliko mtu yeyote huku kwetu. Baba akaketi naye nje, karibu na shamba la majani chai, akaongea mpaka chai yao ikapoa kwenye vikombe.

Walipomaliza, baba akamwambia, "Mwalimu, hii nimekupa kama kimanagan. Fundisha nayo hao watoto wa darasa lako. Lakini ni yangu."

"Sawa, mzee," akajibu mhadhiri.

Alikuwa Mkipsigis kama sisi, alielewa vizuri. Ukiwa na ng'ombe wengi, mmoja unampa rafiki amtunze, na hiyo ndiyo kimanagan. Rafiki anakamua na watoto wake wanakunywa maziwa, lakini kumuuza hawezi, na ndama akizaliwa ni wako. Hakuna anayeandika popote, kwa sababu kila mtu anajua.

Darasani tuliisikiliza ile sauti, tukajifunza. Hapo sina lawama, hata sheria humpa mwalimu nafasi ya kufundishia. Lakini miaka ilipita, masomo ya mtandaoni yakaja, na mhadhiri akaiweka sauti ya baba kwenye kozi aliyowauzia watu wa nje. Jina lake liliwekwa juu kabisa, la baba halikuwepo popote. Baba aliisikia mjini Sotik, kwenye simu ya muuza dawa za mifugo. Alirudi nyumbani akaniuliza, "Nilimpa maziwa. Nani alimwambia auze ng'ombe?"

Nikamwendea mhadhiri ofisini kwake.

"Baba yako aliweka sahihi wapi?" akaniuliza. "Mwenye kurekodi ni mimi. Wewe umesoma, unajua sheria inasema nini."

Wakili mmoja wa Kericho aliniambia karibu hayo hayo. Rekodi ina haki zake, na bila makubaliano ya maandishi tungehangaika sana. Nilitoka pale na hasira ambayo mpaka leo haijaisha.

Tangu hapo baba hakumfundisha mtu. Hata mimi nilipomuuliza jina la mti, aliniambia nikaulize simu. Aliondoka na yote, mwanangu, na mimi mtoto wake sijui hata nusu.

Siku tulipomzika, dada yako alirusha mazishi mtandaoni ili ndugu walio mbali waone. Kabla ya mahubiri tukaweka ile sauti, baba akitaja miti yake mmoja mmoja. Hakufika mbali, matangazo yakakatika. Simu ikaandika kwamba yamezuiwa kwa dai la mwenye hakimiliki. Mwenye hakimiliki alikuwa ameketi hemani pamoja nasi, kiti cha mbele, ameshika kijitabu cha ibada chenye picha ya baba.

Sasa wewe unaanza kufundisha chuoni, kwa hivyo nisikilize. Kitabu ambacho maktaba imekulipia ukisome, kisome, usikitume chote kwenye kikundi cha wanafunzi. Chukua kiasi unachohitaji kufundishia, na umtaje mwenyewe. Ruhusa ya darasani si ruhusa ya dunia nzima. Ukitaka kukitoa nje, rudi kwake umwombe tena, mwandikiane kwa lugha anayoielewa. Asiyejua sheria ndiye umlinde zaidi, kwa sababu ndiye rahisi kuibiwa kihalali. Na chako pia, usikitoe kwa mdomo tu kama babu yako.

Mungu akupe uzee mrefu, mwanangu, na siku watakapokuzika, watoto wako waisikie sauti yako mpaka mwisho.