Kata Yangu Kilimani

Hebu niambie, wewe ushawahi kuvushwa bahari nzima kwa ndege, halafu ukafika unakoenda ukaambiwa baki garini?

Mie yamenikuta, huko visiwa vya Karibiani. Mjukuu wangu wa kiume anapika kwenye hoteli ya watalii kule. Mie namwita mume wangu, utani wetu toka ananyonya. Alinitumia tiketi nikamwone. Kumbe mwenzenu naitiwa kikao! Hata chai haijapoa, akaanza: "Bibi, mama na wajomba wamesema ukirudi, ile meza ya dagaa ifungwe. Kariakoo watakugonga na mikokoteni. Umechoka, Bibi."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Magoti."

"Magoti yangu yamekupigia simu?"

Akacheka, lakini hakuacha. Sasa mie nikifungiwa meza nifanye nini, nikae nyumbani natazamana na mijusi ukutani? Pale mezani ndipo watu wanaponijua. Wapagazi wenyewe wakipita na magunia wananiamkia, shikamoo Bibi Dagaa!

Jumapili akanipeleka kwenye kilima, eti ukiwa juu unaona kisiwa chote. Gari linaishia katikati, kinachobaki ni ngazi za mawe. Nikafungua mlango, akaufunga.

"Wewe kaa hapa na kiyoyozi. Nitakupigia video kule juu, utaangalia."

Video! Damu ikanichemka. Nikamwambia, "Mume wangu, sikiliza vizuri. Nikifika kule kwa miguu hii, habari ya meza yangu nisiisikie tena. Si kwako, si kwa mama yako, si kwa wajomba zako. Nikishindwa, ifungeni."

"Bibi bwana! Haya."

Nikashuka. Nikachukua kikapu cha chakula, akataka kunipokea, nikamkatalia. Nikavua kanga ya begani, nikaisokota, nikaizungusha, nikaiweka utosini, kikapu juu yake. Unajua mie bila mzigo kichwani nayumba? Kichwa kikishatulia, miguu yenyewe inajua pa kukanyaga.

Nikapanda. Watalii wananipita, wengine wanasimama kunishangaa. Nyuma nasikia, "Bibi, pumzika!"

"Pumzika wewe! Mume gani anahema hivyo?"

Kuna mahali nilisimama kweli, moyo unatwanga, nikajifanya naangalia maua. Hilo usimwambie.

Kufika juu, weee! Bahari imetanda buluu kama kanga mpya haijaguswa na maji. Mabati ya nyumba kule chini yanameta kama dagaa walioanikwa. Nikapiga kigelegele, watu wote wakageuka. Wageuke! Nilikuwa nimeshinda.

Pembeni palikuwa na bibi mmoja, mweusi kama mie, anauza madafu. Akaniangalia kichwani, akapasuka kucheka, akaninyooshea kidole: "Kata!"

Nikashtuka. "Mume wangu, huyu anajua Kiswahili?"

"Wapi, Bibi. Hajui hata kidogo."

Yule bibi akainama, akatoa kitambaa chini ya sinia lake, kimesokotwa duara vilevile kama changu, akakibandika kichwani. "Kata! Kata!"

Na sisi si ndivyo tunavyoiita? Kata, ya kujitwishia. Mjukuu wangu akaongea naye Kiingereza, akanigeukia ametoa macho. "Anasema neno kalikuta kwa bibi yake, na bibi yake kalikuta kwa bibi yake. Lilikotoka hajui."

"Muulize na yeye wanawe wanataka kumfungia biashara?"

Akamuuliza. Yule bibi akashika kiuno. Akasonya! Msonyo mrefu, wa Kariakoo kabisa, wala haukuhitaji mkalimani. Na mie nikasonya wangu. Tukashikana mikono, tukacheka mpaka kikapu nusura kidondoke.

Mume wangu kajikalisha kwenye jiwe, jasho linamtiririka, anatutazama sisi vizee viwili na kata zetu.

"Unasemaje sasa?" nikamuuliza.

"Mama nampigia leo leo, Bibi. Meza haifungwi. Na nikija Bongo likizo, sianzii nyumbani. Nakuja moja kwa moja Kariakoo, gunia lako la dagaa nalibeba mimi."

"Begani kama wahuni?"

"Kichwani, Bibi. Kwa kata. Nakuahidi, na utanisokotea wewe."