Mgawa Maji na Serikali Mbili

Siku hizo za Mdachi nilikuwa dobi wa kike wa boma la Morogoro. Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkubwa wa boma, alitaka suruali yake isimame yenyewe hata akishaivua, kwa hiyo wanga niliutia bila huruma. Pasi nilipigia barazani, kwenye upepo, na mtu anayepiga pasi kwenye baraza la wakubwa husikia mengi kuliko mke wa mkubwa.

Siku moja gari la moshi likamleta mgeni, afisa wa Kiingereza kutoka Mombasa, na askari wake nyuma. Tukaambiwa serikali hizi mbili sasa ni marafiki. Muasi wa huku akikimbilia kule atakamatwa kule, na wa kule akija huku ole wake. Wazee husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Habari za fahali wakipatana hatukuwahi kuambiwa.

Shida ikawa moja. Mdachi hakujua Kiingereza, Mwingereza hakujua Kidachi, na lugha pekee waliyokutana nayo ilikuwa Kiswahili. Basi siri za falme mbili zikasemwa kwa lugha ya mpishi na mpagazi, nami nimesimama hatua tatu kutoka pale, pasi mkononi. Hakuna aliyenifukuza. Nadhani waliona wakikisema wao, Kiswahili kinakuwa chao peke yao.

Na Kiswahili chenyewe jamani! Wa kwetu alikijua cha kuamrisha tu. Akimkaribisha mwenzake chai, alisema, "Kunywa! Upesi!" Yule mgeni naye alikuwa na cha Mombasa, njia kwake ni ndia. Akisema ndia zote zifungwe, wa kwetu anaitikia, "Ndiyo, ndiyo," na wote wawili wanaridhika. Mbavu ziliniuma kwa kicheko nilichokimeza.

Kisha wakaanza kunakili orodha ya waasi, kila mmoja na karatasi yake. Vita vya maji vilikuwa vimezimwa kusini juzi tu, na wakubwa bado walikuwa wakiota ile dawa ya maji iliyosemekana kuzuia risasi.

"Huyu hatari," Bwana Shauri akasoma. "Mtu wa milimani. Mgawa maji. Watu wote wanamtii. Huyu kamba."

Kamba maana yake kitanzi. Pasi niliisahau pale pale, na suruali ya Bwana Shauri ikaungua. Mgawa maji kule kwetu juu alikuwa mmoja tu, naye ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, aliyenilea. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ujombani. Kazi yake ilikuwa kugawa maji ya mfereji kwenye bustani za mlimani, leo zamu ya huyu, kesho ya yule. Karani wa kodi aliuliza nani mkubwa kule juu, akaambiwa mgawa maji. Karani akaandika alichosikia, wakubwa wakasoma walichoogopa.

Husemwa mdomo huponza kichwa. Wangu nikauachia.

"Bwana, huyo ni mjomba wangu. Maji yake ni ya kabichi."

Hawakuniamini. Kesho yake asubuhi serikali mbili zikapanda Uluguru, askari wa huku na askari wa kule, mimi mbele nikionyesha njia. Kila walipodhani wamefika kileleni, kumbe ni bega tu, mlima wenyewe bado. Kofia zikavuliwa, vifungo vikafunguliwa, na wanga wangu wote ukayeyuka migongoni mwao.

Mjomba tulimkuta ameinama anaziba tundu la mfereji kwa udongo na majani ya mgomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Mwingereza hakungoja kukaribishwa. Alivua viatu akatumbukiza miguu majini.

"Toa miguu, bwana," mjomba akamwambia. "Hii ni zamu ya mjane wa pale chini. Usimchafulie."

Mwingereza akatoa. Bwana Shauri akauliza kwa ukali kama maji hayo yanazuia risasi.

"Hayazuii hata konokono," mjomba akasema, akarudi kwenye tundu lake.

Hata askari walicheka. Bwana Shauri akatoa penseli, kisha akasita. Serikali haifuti mtu hivi hivi, alisema. Lazima apatikane wa kumdhamini, na mzee akifanya uasi, kamba ni ya mdhamini. Majirani waliokuwa wakichungulia kwenye migomba wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Nikasema, "Mimi." Mjomba alikuwa ameinama kwenye kelele za maji, hakusikia. Wale wakubwa wawili wakamfuta, kila mmoja kwenye karatasi yake, wakaandika jina langu mahali pake.

Mjomba alipopata habari alinigeuzia mgongo. "Mjomba ndiye humbeba mpwa," alisema, akarudi kwenye mfereji wake. Siku ya nne akashuka mjini, yeye aliyechukia mjini kama homa, akasimama mbele ya Bwana Shauri.

"Mfute huyu. Niandike mimi."

Siku hiyo Bwana Shauri alikuwa na roho nzuri. Alinifuta, wala mjomba hakumwandika. "Lakini rafiki yangu ameondoka na karatasi yake," akasema. "Kule bado jina la huyu mwanamke." Mjomba akamwomba aandike barua. Akakataa. Akikiri kosa moja, alisema, rafiki yake atauliza mengine ni mangapi.

"Mombasa ni siku ngapi kwa miguu?" mjomba akauliza.

Akaambiwa. Tukapanda mlima. Alipofika nyumbani akamkabidhi jirani zamu zote za maji, akafunga kibindo, akaniambia nimsagie unga wa safari. Mimi niliyekuwa nikicheka tangu siku ya chai, nikaketi juu ya jiwe la kusagia nikalia. Nilimpenda yule mzee na sikuwahi kumwambia. Nilikataa kunyanyuka mpaka alipoapa kwa kaburi la mama yangu kwamba hataenda, na alipokwisha kuapa nikaendelea kukaa pale pale, maana nilimjua.