Mazulia Juu ya Sakafu ya Binti Yetu

Binti yetu ni fundi wa viyoyozi. Alipomaliza nyumba yake Nzuguni alituita tukakae naye kwa sababu ya magoti ya mama yake. Baridi ya Juni ilikuwa imemfikisha mke wangu kuswali kwenye kiti, na jambo hilo lilimliza. Alitaka kusujudu.

"Baba, mabomba yameshuka chini sana ardhini," binti alinieleza. "Maji yanachukua joto la udongo, pampu inalizidisha, halafu yanapita chini ya vigae. Wakati wa joto tunageuza, lile sanduku la feni darini linapuliza ubaridi."

"Udongo uleule?"

"Uleule."

"Bila moto?"

"Bila moto, baba."

Nikasema alhamdulillahi.

Binti akasafiri kikazi. Nami, kwa shukrani, nikatandika chumba cha mama yake mazulia yetu yote, moja juu ya jingine, na mkeka juu. Kwetu mgonjwa hakanyagi sakafu tupu.

Asubuhi ya tatu mke wangu akauliza, "Mzee, hilo joto limeishia njiani, kule Ihumwa?"

Nikagusa ukuta: baridi. Nikatoka uani, nikainama pale palipofukiwa mabomba, nikagusa udongo. Baridi vilevile. Nilirudi ndani nimechanganyikiwa, nikiwaza nitamwambiaje mwanangu kwamba kazi yake imeshindwa.

Aliporudi, alisimama mlangoni akacheka. "Shikamoo baba. Sakafu umeifunika blanketi!"

"Marahaba. Blanketi si linaongeza joto?"

"Kwako wewe uliye chini yake. Sasa hivi linalopata joto ni zege la chini tu, si chumba."

Akakunja mazulia yote. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na bado linanitoroka katikati.

"Wewe endelea kufikiri," mke wangu alisema. "Mimi niambie, vigae vitupu vinafaa kusujudia?"

Hilo nililijua. "Vikiwa safi, vinafaa."

Alfajiri ya siku ya pili vigae vilikuwa na joto la kutosha. Niliongoza swala, yeye nyuma yangu, bila kiti. Niliposhuka kusujudu nilisikia magoti yake yakilia, kisha pumzi ndefu karibu kabisa na sakafu. Sikuharakisha takbiri ya kuinuka. Nilibaki pale, paji la uso kwenye vigae, ili naye abaki.