Mwavuli Uliofunguliwa Mbele ya Wageni

Jumatano ya tarehe kumi na tisa Machi, saa nne asubuhi, Fundi Mawingu alifungua skrubu moja mbele za watu, na mambo yake yakaharibika hapo hapo.

Ilikuwa kwenye maonyesho ya biashara ya kimataifa. Mgeni mwenye kamera shingoni aliupindua mwavuli wa fundi kwa nguvu. Ukageuka kama bakuli, kisha ukarudi bila kuvunjika kijiti. Akauliza kuna nini ndani. Kwa mafundi miavuli, anayeficha kazi yake huhesabiwa tapeli. Basi fundi akafungua, akaeleza kiungo alichokibuni cha kuvifanya vijiti vigeuke bila kuvunjika, akapigwa picha. Hata tochi alimshikia mgeni aone vizuri.

Mwaka haukuisha, miavuli yenye kiungo kile kile ikashushwa madukani kwa kontena, nusu ya bei yake.

"Wakubwa wa serikali ndio walionipeleka," anasema. "Wakatupa fulana na kofia, wakasema tuwaonyeshe wageni kila kitu. Hakuna aliyefungua mdomo kuniambia mzee, sajili kwanza. Nakwenda ofisini kwao, naambiwa nimeshakitoa hadharani, si kipya tena. Wamekuchimbia shimo, halafu wanakuuliza umelionaje!"

Asubuhi hii yuko kibandani kwake, nyuma ya duka la vioo. Amekaa kwenye kigoda, mpini wa mwavuli umebanwa kwa magoti, koleo mkononi. Anagonga ribiti, ule msumari wa kubania vyuma usiofunguka kama skrubu, anapuliza, anatega sikio. Mvua haijanyesha wiki nzima, na mpita njia hamwachi.

"Mawingu! Utakula nini na jua hili?"

"Jua nalo lina wateja wake. Muulize mama yako, mwavuli wake kautengeneza nani!"

Zamani ilikuwa kazi ya watu wawili. Yeye vyuma, mkewe vitambaa. Mke alifariki miaka mitatu iliyopita, akingoja daktari ambaye, kwa maneno ya fundi, "alikuwa semina". Cherehani ikafunikwa shuka. Aliyeifunua ni shemeji yake, mdogo wa marehemu.

"Nilimwambia, shemeji, tumemzika dada, cherehani hatukuizika," anasema mama huyo, akikata uzi kwa meno. "Nipe kitambaa nishone. La sivyo naishona hiyo midomo inayolaumu serikali kutwa."

"Ishone tu," fundi anajibu. "Nitalaumu kwa macho."

Basi walipoanza upya, likatokea jambo. Miavuli ya kontena ilianza kuletwa kwake kwa matengenezo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekijua kiungo hicho. Kila aliofungua, aliukuta umekwama: vumbi limeingia, kutu imefuata. Akaelewa kwamba hata chake kingefia hapo hapo.

"Mwizi wangu kanisomesha bure," anasema. "Nimetengeneza kingine, chenye kifuniko. Vumbi halipati pa kuingilia."

Safari hii hakumwonyesha hata jirani. Alikifunga kwa ribiti, akaenda kuomba hataza, ile haki ya mvumbuzi, kabla ya kuuza hata mmoja. Ombi limepokewa. Alama yake ya biashara, wingu lenye mpini, imeshasajiliwa. Na yeye aliyekuwa akiuza miavuli thelathini kwa mwezi, sasa ana oda ya mia mbili kutoka ng'ambo. Shemeji ameshatafuta washonaji wawili, na anawagombeza kana kwamba kiwanda ni cha baba yake.

Mnunuzi aliomba aonyeshwe ndani. Fundi alimjibu kwa adabu: "Ndani utapaona nikishapata karatasi za kwenu."

Maana haki ya hapa haivuki mpaka. Binti wa ofisi ya usajili amemweleza kwamba ana mwaka mmoja, tangu alipoomba hapa, kupeleka ombi kwenye nchi ya mnunuzi bila kupoteza nafasi yake. Faida ya oda hii amepanga iende huko yote, na shemeji amekubali, baada ya kununa siku mbili.

Kabla ya kuondoka ofisini, fundi alimwachia yule binti swali moja. Binti akalipeleka kwa mkubwa wake, na mkubwa mpaka leo yuko kikaoni:

"Sawa, mwanangu, karatasi nitalipia. Lakini siku mtu wa kule akikiiga, na mimi niko kibandani huku, nani atasimama na mimi kwenye mahakama yao?"